Tumbo Jipya la Boti

Mumewe alipofariki, Winnie Ackroyd aliuza nyumba akanunua boti kuukuu ya chuma, aishi humo, kwenye mfereji wa kupitishia maboti. Desmond, jirani yake wa boti ya pili, alimcheka.

"Mama wee, kutu imeshalitafuna tumbo lake! Utalala na samaki."

"Afadhali wao, hawana maneno."

Majira yote ya baridi mafundi walichomelea vyuma vipya chini ya boti, na Winnie mwenyewe akafunga paneli za sola juu ya paa. Machi boti ikarudishwa majini. Alipiga magoti akapapasa sakafu kila pembe. Kukavu! Akawasha taa, ikawaka, akajikuta analia.

Nje, jenereta ya Desmond ilikohoa, ikazimika.

"Jirani," akaita kwa aibu, "naweza kuchaji simu?"

"Ingia, ila vua hayo mabuti."