Cheti cha Kifo cha Papa

Papa alitoka Goma mwezi wa kumi, mwaka 2022, akiwa na lori la chumvi na sabuni kwenda Butembo. Alipiga simu kutoka Rumangabo, akasema barabara si nzuri, watalala hapo. Siku zile vita vilikuwa vinashuka kuja upande wa Goma. Hatukumsikia tena. Aliitwa Sikuli.

Mwaka uliofuata nilipata diplome yangu ya sekondari kwa asilimia sabini na tisa. Mwalimu wangu wa Kiingereza akanisaidia kuomba nafasi katika vyuo vikuu vinne vya Amerika, vile vinavyochukua watu wachache sana, lakini ukipita wanakulipia kila kitu. Niliandika insha, nikatafsirisha bulletin zangu za alama za shule. Halafu wakauliza juu ya wazazi. Kama baba yuko hai, alete karatasi za mapato yake na sahihi. Kama amekufa, cheti cha kifo. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba hatujui.

Nilimwuliza Mama. Alikuwa anachambua maharage.

"Andika yuko hai."

"Mama, watataka sahihi yake."

"Basi wangoje. Mimi si niko nangoja?"

Papa mudogo Dieudonné, ndugu yake Papa, alinichukua pembeni. "Karatasi haiui mutu, Daniella. Tutaitafuta, mama yako hatajua."

Kwanza ilibidi shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu wa Katindo, mzee tuliyemwita papa Védaste, atie sahihi kwamba mtu wa avenyu yake amefariki. Alitia, akatikisa kichwa, akatupa pole. Kisha tukaenda komini, ofisi inayotoa vyeti.

"Alikufa tarehe gani?" karani aliuliza.

"Andika kumi na tano," alisema papa mudogo.

"Ya mwezi gani, muzee? Ama alikufa miezi yote?"

Papa mudogo alinitazama. Nikasema mwezi wa kumi na moja, ili Papa apate siku chache zaidi. Karani akaandika, akatupa cheti.

Papa Védaste hatukumwambia kwamba ni siri. Sisi tulitaka karatasi tu. Lakini shefu akishasaini kifo cha mtu wa avenyu yake, hawezi kukaa kimya. Watu wasipokuja kulia, aibu ni yake. Kesho yake, saa nane mchana, nilikuta turubai limefungwa uani kwetu, viti vya parokia vimepangwa, wanawake wamewasha makala ya kupikia chai na kuleta sukari. Nilitaka kuwaambia warudi. Nikapokea sukari.

Mama akaingia kutoka sokoni, beseni kichwani.

"Nani amekufa?"

Papa Védaste akasimama, kofia mkononi.

"Mama Daniella, pole sana. Ni bwana yako. Ulitufichia muda murefu, mama, ukibeba peke yako."

Mama hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Alitua beseni polepole, akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini, juu ya mawe meusi ya ua wetu. Wanawake wakamzunguka, wakaanza kulia. Yeye hakulia.

"Tarehe gani?" aliniuliza.

"Kumi na tano, mwezi wa kumi na moja."

"Asubuhi ama jioni?"



Tulikaa matanga siku tatu. Siku ya nne Mama alinikuta na simu mkononi, bado sijatuma picha ya cheti vyuoni.

"Tuma," alisema. "Umekwisha kumuzika, sasa utaogopa kutuma?"

Nikatuma.

Majibu yalikuja mwezi wa tatu, yote ndani ya wiki moja. Vyuo vyote vinne vilinishukuru, vikasema waombaji walikuwa wengi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake nyeusi.

"Wanasema nini?"

"Wamekataa, Mama. Wote."



"Na ile karatasi ya papa yako, watairudisha?"

Nilikuwa nimewatumia picha tu. Cheti chenyewe kilikuwa ndani, chini ya nguo zangu. Nikamwambia nitawauliza.