Mtungi Haukuvunjika

Insha ya arobaini na moja ilipomwambia kwamba Bitutu, mhusika mkuu wa riwaya, "anabadilika kutoka mtiifu hadi mkaidi, pale anapovunja mtungi", Mwalimu Metrine aliitupa kalamu nyekundu mezani, ikabiringika hadi chini ya kiti cha jirani yake. Watahiniwa arobaini na mmoja kutoka shule saba za Migori na Homa Bay, na sentensi ni moja, koma mahali pale pale. Kasuku wangeona haya.

"Kuna shida, Madam?" aliuliza Bravin, mwalimu mgeni aliyekuwa akisahihisha mtihani wa mwigo, ule wa majaribio, kwa mara ya kwanza.

"Bitutu hakuvunja mtungi."

"Si iko kwa mwongozo?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Mwongozo wa kusahihisha uliandikwa na Mwalimu Ondieki, kiongozi wa jopo. Kile kijitabu cha mwongozo ambacho watoto wamekikariri, chenye jalada la njano, kiliandikwa na Mwalimu Ondieki huyo huyo. Yeye mpishi, yeye mwonjaji. Riwaya yenyewe, ambayo hata wazazi wa watoto hawa waliisoma shuleni, ilikuwa imebaki kitu cha kusikia tu.

Insha ya arobaini na mbili ilikuwa na mwandiko wa kuku. Metrine alishusha pumzi, akasoma:

"Wengi husema Bitutu amebadilika. Mimi sioni. Ukurasa wa kwanza anahesabu hatua kutoka kisimani mpaka kwa mama mkwe wake. Ukurasa wa mwisho bado anahesabu. Anautua mtungi langoni polepole, anaufunika kwa jani vumbi lisiingie, anakwenda zake. Ni mtu yule yule mpole. Hakubadilika, alichoka. Mtu mpole akichoka, waliokuwa wakinywa maji yake ndio husema amebadilika."

Aliisoma mara mbili. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakuwa na faragha ya kufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka, akampelekea Ondieki.

"Sufuri," Ondieki alisema kabla hajafika katikati. "Swali linasema afafanue mabadiliko ya mhusika. Yeye anasema hakuna mabadiliko. Amepotoka."

Swali lilikuwa la alama ishirini. Sufuri hapo ingemshusha mtoto gredi nzima, na kosa lake ni kwamba alifungua kitabu.

"Mwalimu, mtungi haukuvunjwa."

"Madam, mimi ndiye niliandika mwongozo."

"Na riwaya uliisoma lini?"

Kalamu zilisimama chumba kizima. Ondieki alicheka kile kicheko chake cha kumaliza mazungumzo. "Wacha hizo, Madam. Chai imefika. Tugawie kwanza."

Chai! Kila mwaka Metrine alitoka Uriri kuja Homa Bay kusahihisha, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Kila mwaka, kati ya walimu kumi na wanne wenye mikono miwili miwili, ni yeye aliyemimina. Hakuna aliyemteua. Mwaka wa kwanza thamosi ilikuwa karibu naye, basi, ikawa ndoa.

Hata siku hiyo alimimina. Mazoea yana taabu. Lakini kila aliyempa kikombe alimwuliza, "Una riwaya?" Huyu aliiacha nyumbani, ya yule iliazimwa, mwingine alinyanyua kile kijitabu cha njano kana kwamba ndilo jibu. Mezani palikuwa na vijitabu kumi na vitatu na hapakuwa na riwaya hata moja. Wanahukumu kesi, na mshtakiwa hawajawahi kumwona. Yeye mwenyewe, mwenye kelele nyingi, nakala yake ilibaki Uriri, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Saa saba alipanda boda mpaka dukani kwa Farah, muuza vitabu karibu na soko. Farah alipanda ngazi, akashusha nakala moja kutoka rafu ya juu, akaipuliza vumbi.

"Hii haitoki, Mwalimu," alimwambia. "Watu wanataka ile ya njano."

"Najua," alisema Metrine. "Nimeisoma mara arobaini na moja leo."

Aliporudi hakukaa. Alisimama mbele ya jopo akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti, lango, jani na vumbi. Ondieki alikipokea kitabu, akausoma ukurasa huo mwenyewe, akarudi nyuma kurasa tatu kutafuta mahali mtungi ulipovunjika. Hakupaona.

"Sasa unataka hawa wengine wote tuwanyime alama?"

"Sitaki. Walikariri walichopewa, dhambi si yao. Nataka huyu mmoja asipewe sufuri kwa sababu amesoma."

Ondieki alisukuma karatasi kwake bila kumtazama. "Weka unachotaka."

Metrine aliandika kumi na nane. Mbili alizikata kwa sababu ya mwandiko, maana huruma nayo ina mipaka. Ondieki akaweka sahihi kando, kubwa na yenye hasira.

Saa kumi chai ya pili iliingia, ikatuliwa pale pale penye mazoea, kiwikoni pa Metrine.

"Madam, tugawie," Ondieki alisema huku ameinama kazini.

Metrine aliinua thamosi. Aliibeba mpaka kwenye meza ya kiongozi wa jopo, akaitua polepole, akakaza kifuniko ili chai isipoe. Alipanga vikombe kando yake, vishikio vyote vikielekea upande wa Ondieki. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akachukua insha ya arobaini na tatu.

Ondieki aliitazama thamosi, kisha vikombe. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa kabisa.

"Madam Metrine, siku hizi umebadilika."

Bravin aliingiza kichwa chini ya meza akijidai kutafuta kalamu.

"Hiyo pia iandike kwenye mwongozo, Mwalimu," Metrine alisema, akaendelea kusahihisha.