Mfalme Aliyeandikwa Kuwa Alitabasamu

"Malizia hadithi, Prezida," Libérate alisema.

Walinzi wa magari wa maegesho ya mtaa wa Umbilo, wakimbizi wote, walikuwa wamekutana nyuma ya kanisa, fulana za reflekta za njano mwilini. Walikuja kumtoa Léonidas uenyekiti, na kila mtu alijua, hata yeye mwenyewe, aliyevaa ile ya mwenyekiti, ya rangi ya chungwa. Hakuhisi hofu. Kifua kilikuwa na ganzi, kama ufizi uliochomwa sindano.

"Hadithi gani?"

"Ya Richard wako, mfalme wa Waingereza. Kila kikao unaishia kwenye farasi!"

Kweli, hapo ndipo alipopapenda. Mfalme ni kijana wa miaka kumi na minne tu. Wakulima wamechoshwa na kodi ya kichwa, wamevamia London, na kiongozi wao amekatwa upanga mbele ya macho yao. Wanavuta pinde. Kijana anawaendea juu ya farasi: mimi ndiye kiongozi wenu, nifuateni! Wakamfuata, maskini ya Mungu. Léonidas aliyasoma hayo katika kitabu alichopewa na mwenye gari mmoja, na siku walipomfukuza bosi wa zamani alipanda juu ya kreti akayasema yaleyale. Akaongeza ahadi yake: mtu akiugua, nafasi yake itamngoja.

"Aliwaahidi uhuru," alisema sasa, sauti kavu. "Walipotawanyika akawaambia, watumwa mlikuwa, watumwa mtabaki."

Cyprian akakohoa. Alikuwa ametoka hospitali ya kifua kikuu akakuta kona yake, ile nzuri ya mlangoni, amepewa Bonheur, shemeji wa Léonidas. Alipolalamika alijibiwa mbele ya wenzake: ulikuja mkimbizi, mkimbizi utabaki. Mwenye kusema alishasahau. Waliosikia walilala nalo, wakaamka nalo.

"Endelea, Baba Ineza," Libérate alisema.

Si Prezida tena, ni baba wa mwanawe tu. Léonidas alilisikia, likapita.

"Akamfukuza binamu yake nchini, akala urithi wake. Binamu akarudi na watu. Akasema hataki kiti, anataka chake tu."

"Eish! Huyo si mimi?" Cyprian alisema, wakaangua kicheko. Bonheur naye akacheka, akabeba kiti chake, akaenda kukaa upande wa Cyprian.

"Halafu?"

"Wakamfungia mfalme. Wakamtaka aseme anamwachia binamu ufalme kwa hiari. Waliandika kwamba alisema huku anatabasamu."

"Alitabasamu kweli?"

"Iliandikwa. Alifia kifungoni. Wanasema njaa."

Libérate akatoa simu. "Bon. Meneja wa maegesho hataki fujo hapa. Akiona tumegombana, anatuondoa wote. Iko picha moja tu anataka, wewe unamkabidhi Cyprian, kwa amani."

Angeweza kukataa, wakose kazi wote. Alilipima hilo bila chuki, kama mtu anayepima mzigo wa mwingine. Akavua reflekta ya chungwa. Cyprian akaivaa juu ya ile yake ya njano.

"Tabasamu kidogo, Baba Ineza."

Akainua midomo.

"Sharp! Imetoka vizuri."

"Na kona?" Bonheur aliuliza.

"Kona ni yangu," Cyprian alisema, akikaa kwenye kiti cha mbele. "Na kikao nafunga mimi."

Hakuna aliyemkumbusha kwamba alikuja kudai kona tu. "Ndiyo, Prezida," Libérate alisema.

Kando ya kanisa, gari la mama mmoja lilikuwa linarudi nyuma. Mkono wa Léonidas ukapanda wenyewe kumwongoza: njoo, njoo, simama. Mama hakumwona. Léonidas alikuwa na shati tu, bila reflekta.