Farasi Asiyekuwemo Ndani ya Neno

Mwalimu Nyanchera alikuwa akifuta ubao Linda alipoinua mkono.

"Madam, 'mare' si farasi jike? Sasa ameingiaje ndani ya 'nightmare'?"

Kidato cha pili kizima kilicheka. Nyanchera hakucheka. Alikuwa amefundisha Kiingereza hapo Ekerenyo miaka kumi na mmoja, na neno hilo la ndoto mbaya alikuwa akilisahihisha tahajia tu.

"Sijui," alisema. "Nipe hadi kesho."

Saa ya chakula cha mchana alifungua kamusi kubwa ya maktaba. Farasi hakuwemo. 'Mare' hiyo ilikuwa neno jingine kabisa, la Kiingereza cha kale: pepo aliyesadikiwa kumkalia mtu kifuani usingizini, akamkaba pumzi. Maana ya ndoto mbaya ilikuja karne nyingi baadaye, na siku hizi hata msongamano wa magari huitwa hivyo.

Alisoma tena, akifuata mistari kwa kidole. Maneno hayo alikuwa ameyasikia jikoni kwake. Tangu Januari, mama mkwe wake, Bosibori, alikuwa akizinduka macho yanaona lakini mwili umekataa, na uzito umemkalia kifuani. Alikuwa ameshaamua ni nani anayemtumia kitu hicho: jirani yao Mokeira. Hawakusalimiana tena, hata kanisani.

Jioni alimkuta Bosibori shambani akichuma majani chai, akamsimulia yote.

"Hao Wazungu wa kale," Bosibori aliuliza, "walikuwa na jirani anayeitwa Mokeira?"

"Hapana, Mama."

"Na kiliwakalia hapa?" Akajigusa kifua.

"Hapo hapo. Madaktari wanasema ubongo huamka kabla ya mwili."

Bosibori aliendelea kuchuma hadi mwisho wa mstari.

Jumamosi, baada ya ibada ya Sabato, Bosibori alimwendea Mokeira na kumpa mkono. Mokeira alisita, kisha akaupokea.

"Nilikukosea," Bosibori alisema. "Kuna kitu hunikalia nikilala. Nilidhani ni wewe unayekituma."

Mokeira hakuuachilia mkono. "Kifuani?"

"Kifuani."

"Mimi tangu mwaka jana. Na mimi nilidhani ni wewe."

Wakaketi kwenye nyasi nje ya kanisa, na Bosibori akataka kujua kila kitu: huja saa ngapi, huanzia upande gani, na kama kina miguu.