Mahali pa Kumhamishia Wendell

Jumanne asubuhi Ardith Pruszynski alikuwa akikaanga mayai na soseji jikoni kwake Toledo, Ohio. Alipogeuka kumuuliza mumewe kama anataka kahawa, aliona maua ya kitambaa cha kochi kupitia kifua chake. Wendell alikuwa amekaa hapo tangu alfajiri, akitazama theluji ikifunika gari. Kila alipokaa kwa muda mrefu alikuwa akififia, kuanzia tumboni kwenda nje.

"Simama, Baba Renata," Ardith alimwambia. "Unaisha."

Wendell akasimama, akatoa taka nje, akazunguka nyumba, akarudi akikung'uta theluji mabegani. Kifua kilikuwa kimejaa tena.

Alikuwa amefariki mwezi Oktoba, katika maegesho ya kiwanda cha vioo, mkononi ana mkebe wake wa chakula, zikiwa zimebaki wiki chache astaafu. Alikuwa amelisha tanuri tangu ujana wake, na kwa miaka mingi hakuwahi kuchukua likizo. Pale kiwandani hiyo ilikuwa sifa. Wanaume walitunza likizo zao na kutambiana nazo wakati wa chai, na mpango wao wote ulikuwa mmoja: kustaafu, kisha kuzitumia zote kwa mpigo. Wendell alisema yeye atakwenda Florida, acheze mpaka soli za viatu zitoboke.

Muda mfupi baada ya maziko alirudi. Aligonga mlango wa nyuma, akafuta viatu, akaingia. Ardith akampashia supu ya kabichi. Padri alipopita kubariki nyumba alimkuta mezani, akambariki pamoja na nyumba.

Walikwenda wote wawili kiwandani, ofisi ya utumishi, kudai likizo zake. Ofisa aliyewapokea alikuwa na adabu.

"Kanuni inasema likizo inakoma mtumishi anapofariki," alisema.

"Mtumishi mwenyewe si huyu hapa?" Ardith aliuliza.

"Namwona, mama. Pole sana, mzee. Ila kanuni haiulizi kama mtu anaonekana."

Wendell akamshukuru. Walipofika kwenye gari alisema atajipa likizo mwenyewe. Lakini Toledo wakati wa baridi haikuwa na la kufanya. Njia zilikuwa barafu tupu, marafiki walikuwa zamu, na mtu alibaki kukaa. Ndipo Ardith alipoamua kuuza nyumba, akatafute kijiji cha wastaafu ambako hakuna anayekaa kitako.

Binti yao Renata, mhasibu mkuu wa kampuni ya malori huko Columbus, alikuwa ameshawatafutia mahali karibu naye.

"Kuna nesi ghorofa ya chini, Mama. Kuna lifti. Ukianguka usiku unabonyeza kitufe tu."

"Mimi sijaanguka. Baba yako ndiye anayeisha."

"Basi mwende mkapaone kwanza, jamani. Kuona si kuhamia."

Wakaenda. Palikuwa pasafi, zulia nene, joto la kutosha. Wazee walikuwa wamezunguka meza wakiunganisha vipande vya picha ya kanisa, na anga ya picha ile ilikuwa imewashinda tangu kiangazi. Bwawa la kuogelea lilikuwepo, limefunikwa turubai. Mwenyeji wao alisema mahali pale panathamini maisha ya uchangamfu. Akamkaribisha Wendell kwenye sofa ili Ardith akaone vyumba.

Ardith aliporudi, kwenye sofa kulikuwa kumebaki bizimu la mkanda na miwani tu.

"Wendell!" alisema kwa sauti ya kuita watu kanisani. "Inuka, tunaondoka!"

Ilibidi atembezwe kwenye maegesho mpaka magoti yakarudi. Renata alisimama kando na koti lake, hakubisha tena. Jioni hiyo alikata tiketi za Florida, pamoja na yake.

Kijiji cha wastaafu cha huko kilikuwa na desturi ya kumpa mgeni nyumba ya kujaribia na kigari cha gofu kabla hajaamua. Aliyewapokea aliitwa Shawna, mwanamke mwenye viatu vya michezo na kofia ya jua. Aliendesha kigari kwa mkono mmoja, mwingine akiupunga kwa kila mtu.

"Mzee ni marehemu?" aliuliza.

"Tangu Oktoba," alisema Ardith.

"Hakuna shida. Tunao wengi. Wengi wao wanapenda pikoboli."

Pikoboli ni mchezo ulio kama tenisi, ila uwanja ni mdogo, na mpira ni wa plastiki wenye matundu. Viwanja vilikuwa vingi, vimepangwa safu safu, na vyote vilikuwa vimejaa. Ardith aliwatofautisha marehemu kwa urahisi: waliokuwa wakisubiri zamu walisubiri wamesimama, wakipiga mguu chini. Hawakuwa na benchi. Klabu ilikuwa imeliondoa kwa ajili yao.

Marehemu mmoja mnene, Gus Delvecchio, aliyekuwa dereva wa basi Pittsburgh, alimrushia Wendell kibao cha kuchezea.

"Wewe mpya, unajua kucheza?"

"Sijui."

"Afadhali. Wanaojua wanatuchosha kwa maelezo."

Wendell akaingia. Mipira ya kwanza ilimpita yote.

"Toledo! Unacheza au unafukuza nzi?" Gus alipiga kelele.

"Ningoje, kaka. Ndiyo kwanza nimefika."

"Nikungoje mpaka lini? Umeshakufa, bwana!"

Walicheka uwanja mzima, walio hai na wasio hai. Mzee mmoja hai, Herschel, alilalamika kwamba kushindana na marehemu si haki kwa sababu hawaishiwi pumzi. Mkewe akamwambia anyamaze, maana kabla marehemu hawajaja alikuwa akifungwa vilevile.

Ardith hakuwa akisikiliza. Alikuwa akimtazama Wendell. Mikono ilikuwa imekolea rangi, shingo ilikuwa nyekundu, na miguuni pake palikuwa na kivuli cheusi. Hakuwa amekiona kivuli hicho tangu mazishi. Alipokimbilia mpira, magoti yalitoa mlio kama zamani.

"Wote hawa walikuwa wanafanya kazi gani?" alimuuliza Shawna.

Shawna akawaonyesha kwa kidole. Yule alichomelea meli. Yule alifua mashuka ya hospitali. Yule pale, mwenye soksi ndefu, alifundisha shule na kupika mkahawani jioni.

"Wote walikuwa wametunza likizo," alisema. "Wanakuja kuzitumia."

"Na mabosi?"

Shawna alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa kuhusu hali ya hewa.

"Bosi marehemu sijawahi kumpokea. Wale huja wakiwa hai. Wako upande wa gofu."

Asubuhi iliyofuata Ardith alipiga magoti kando ya kitanda cha nyumba ya kujaribia. "Bwana," alisema, "sikuulizi kwa nini. Kama umenirudishia, nipe na pa kumweka." Nje alisikia mipira ikigonga vibao, tok, tok, tok, na sauti ya mumewe akibishana kuhusu mstari wa uwanja. Akafanya ishara ya msalaba, akainuka, akaenda kumwambia Shawna kwamba wanahamia.

Renata alikuwa amekaa nyasini kando ya uwanja, kompyuta magotini, simu sikioni. Alipomaliza kuongea alifunga kompyuta.

"Mama, narudi leo. Wananihitaji."

"Ulisema utakaa mpaka Jumapili."

"Nilisema kama hakuna kazi."

"Chukua likizo, mwanangu. Watu huomba, wanapewa."

"Ninayo tele, wala usijali. Naitunza. Nikistaafu nitakuja hapa nikae na ninyi, tule maisha."

Wendell aliyasikia hayo. Mpira ulikuja, ukampita, na Gus hakumtania. Wendell alikwenda hadi kwenye wavu wa uzio, akashika nyaya kwa vidole vyake vilivyokuwa vigumu na vyenye jasho.

"Reni," alisema. "Hata wiki moja tu."

"Baba, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kazi."

Renata akambusu kupitia tundu la uzio, akasifu rangi yake, akamwambia mama yake kwamba amechagua vizuri na kwamba yeye binti ndiye aliyekosea kumbishia. Alisema kweli. Ardith mwenyewe alijua amechagua vizuri.

Shawna alileta kigari kumpeleka langoni, ambako teksi ilikuwa ikisubiri. Njiani Renata aliuliza kama viwanja vina taa za jioni, na kama klabu inapokea wasiojua kabisa.

"Tunapokea kila mtu," alisema Shawna. "Ukija mzima, ukija marehemu, nafasi yako ipo."

"Asante," alisema Renata. "Hilo linanipa moyo."

Akapanda teksi, akafungua kompyuta. Uwanjani Gus aliuliza ni zamu ya nani kuanzisha mpira, na Wendell akasema ni yake.