Sakafu ya Kemirembe

Uso wa mama yangu ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Ulitundikwa katikati ya ukuta, katika ukumbi wa maonyesho ya picha pale Kayanga, na mama mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, kitenge kipya kiunoni, mkoba ameukumbatia kifuani, akijitazama. Mimi nilikuwa nyuma yake nikisoma karatasi nyeupe iliyobandikwa chini ya picha. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari miwili tu. Niliisoma mara ya pili, nikatamani nisingepelekwa shule.

"Wamesemaje?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Wamekutaja jina. Kemirembe wa Nyabiyonza."

Jina lilikuwepo kweli. Hayo mengine niliyameza. Mama alitabasamu, akanyoosha mgongo, akaanza kutafuta kwa macho watu wa kijijini kwetu ili nao waje waone. Walikuwa wamekodi basi dogo kwa ajili yake, watu kumi na wanane, wote wamevaa nguo za kanisani.

Nina studio ya picha Omurushaka, chumba kimoja kando ya barabara, chenye pazia la bluu na kiti kisichozunguka. Napiga pasipoti saizi. Kwa miaka kumi na mbili nimewaambia watu wa Karagwe na wa Kyerwa wainue kidevu, wafunge mdomo, wasicheke. Nimemwona mkulima akinawa uso mara tatu kwa ajili ya picha isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Ninajua jinsi mtu anavyojiandaa anaposikia kwamba atatazamwa. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha hadi leo, na huu ni mwaka wa pili. Melkiory angeweza kusamehewa kwa kutojua. Mimi nilijua.

Melkiory ndiye aliyepiga ile picha. Ni kijana wa Dar es Salaam, mpole, mwenye kamera mbili na daftari moja chafu, na alikuja huku msimu wa kuanika kahawa akitayarisha kitabu kuhusu wakulima. Aliingia studioni kuomba kuchaji betri. Tukazungumza habari za lenzi na mwanga mpaka nikasahau wateja, na mwishowe nikamwambia kwamba kama anataka mkulima wa kahawa wa kweli, twende kwa mama yangu. Jioni nikampigia mama simu: kesho kuna mgeni, anakuja na kamera.

Mama akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Alfajiri alipanda kilimani akakata nyasi laini, akazikung'uta umande, akazitandika sebuleni kote, ukuta hadi ukuta, mpaka nyumba ikanukia. Kwetu mgeni wa kawaida anakaribishwa kwenye kochi. Mgeni anayetandikiwa nyasi mbichi ni mgeni mkubwa, na wote waliopita nje asubuhi ile walisikia harufu na kuuliza nani anakuja.

Na chini ya nyasi hizo kulikuwa na sakafu.

Lazima niieleze sakafu hiyo. Baba alipofariki alituachia nyumba ya udongo chini, yenye funza na vumbi. Mama aliapa kwamba hatazikwa kutoka nyumba ya vumbi. Ilimchukua misimu mitatu ya kahawa. Mchanga aliuchota bondeni, akaubeba kichwani beseni kwa beseni, na akikutana na mtu njiani alisalimia bila kutua mzigo. Saruji aliinunua mfuko mmoja mmoja, akauficha chini ya kitanda. Kazi yenyewe aliifanya Mbonimpa, fundi mwenye asili ya Burundi ambaye shamba lake linapakana na migomba yetu. Alipiga magoti siku nzima akiilainisha kwa mwiko, akarudi tena jioni kuirekebisha kwa sababu hakuridhika na pembe moja. Kwa siku saba mama hakumruhusu mtu kukanyaga. Tulipitia mlango wa jikoni kama wezi, na kila asubuhi aliimwagilia maji kama mche wa kahawa. Nadhani siku zile aliipenda sakafu kuliko alivyotupenda sisi wanawe.

Melkiory alivua viatu mlangoni. Alikaa nasi saa mbili, akatafuna punje za kahawa alizopewa, kama wageni wote wa kwetu, akacheka pale alipopaswa kucheka. Mama aliketi juu ya nyasi, miguu ameikunjia upande mmoja, mikono mapajani, mwanga wa dirisha ukamwangukia shavuni. Niliona picha kabla hajaipiga, nikamwonea wivu. Ni picha nzuri sana, na sitasema vinginevyo hata nikikasirika vipi.

Miezi minane baadaye alinitumia ujumbe. Siku hiyo foleni ya wanafunzi ilikuwa imefika barabarani, wote wanataka picha za kujiandikishia mtihani. "Dada Evaresta, nahakiki maelezo ya kitabu. Ni kweli kwa mama watu hukaa na kulala juu ya nyasi?" Nikajibu kwa kidole kimoja, kifua mbele: "Ndiyo! Tangu enzi za mababu." Nilidhani ananiuliza habari za heshima. Yeye alikuwa akiniuliza habari za umaskini. Nikarudisha simu mfukoni, nikamwambia mwanafunzi wa mbele ainue kidevu.

Sasa pale ukumbini Mbonimpa alikuwa amefika mbele ya picha, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote. Wengine walimfuata. Mama aliwapanga wasimame vizuri.

"Evaresta," alisema, "hebu wasomee na hawa. Kwa sauti."

Ningeweza kuendelea kudanganya. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angejua, na tungerudi Nyabiyonza tukiimba. Lakini niliwaza kile kitabu, jinsi kitakavyofunguliwa mahali ambapo hatutakuwepo, na mtu atakavyomtazama mama yangu kwa huruma. Huruma ndiyo iliyonichoma. Mama hajawahi kuiomba hata siku moja.

Nikasoma, nikitafsiri. "'Kemirembe, mjane, hulala juu ya nyasi. Nyumba yake haina sakafu.'"

Mbonimpa aliinamisha sikio kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Haina nini?"

"Sakafu," nikasema.

"Haina nini?" akarudia, sasa kwa sauti iliyowafanya wageni rasmi wa mbele wageuke na vikombe vyao mkononi. "Mimi magoti yangu yameisha kwa ajili ya nini?"

Melkiory alikuja mbio, anatabasamu bado, maana alidhani watu wamefurahi. Alipotuona tabasamu likamtoka. Nikamweleza kwa maneno machache, na maneno yenyewe hayakuwa matamu. Akatoa simu, akatafuta, akanionyesha jibu langu.

"Lakini dada, nilikuuliza."

"Uliniuliza," nikasema. "Na kosa nimelifanya. Hilo halikupi ruhusa ya kuvunja sakafu ya mtu."

Mama aliinua mkono, tukanyamaza wote wawili.

"Wewe tutaongea nyumbani," aliniambia. Kisha akamgeukia Melkiory, na sauti yake ikawa ya upole kabisa, ile sauti ambayo utotoni tuliiogopa kuliko fimbo. "Mwanangu, ulivua viatu kwangu. Sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikanyaga zile nyasi saa mbili nzima. Miguu yako haikukuambia kitu?"

Melkiory alitazama viatu vyake. Naamini aliikumbuka wakati ule ule, ile baridi ngumu chini ya nyasi, kwa sababu masikio yake yalibadilika rangi.

"Naishusha picha, mama," alisema. "Sasa hivi. Nisamehe."

"Picha iache. Nimependeza." Akasogea ukutani, akaishika karatasi nyeupe kwa kucha mbili, akaanza kuibandua.

Dada msimamizi wa maonyesho alikuja haraka. Alisema kwa adabu, shikamoo ikiwa mbele, kwamba vitu vya ukutani haviguswi.

"Marahaba. Yule pale ni mimi," mama alisema, akiendelea kubandua. "Nikijigusa, nani atanizuia?"

Dada yule alimtazama Melkiory. Melkiory akarudi hatua moja nyuma, akampisha mama. Karatasi ikatoka, mama akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Mtu mmoja wa kwetu akapiga kigelegele, na mgeni rasmi, ambaye hakuelewa chochote, akapiga makofi.

Nilidhani yameisha. Nilikuwa nimeanza kupumua. Lakini mama aliiona ile meza ya kando ya mlango, ambapo vitabu vipya vilipangwa kwa ajili ya kuuzwa, akaenda moja kwa moja, akafungua kimoja. Alijipata upesi. Chini ya uso wake palikuwa na mistari ile ile miwili, na hii haikubandikwa kwa gundi.

"Mmechapa vingapi?" aliuliza.

"Elfu mbili, mama," Melkiory alijibu.

"Viko wapi?"

"Vingi vimeshakwenda nje. Ujerumani. Vingine Dar es Salaam." Alikuwa karibu kulia, na nakiri kwamba sikumhurumia. "Vile hatuwezi kuvirudisha."

"Na hapa viko vingapi?"

"Arobaini."

Mama alivuta kiti akaketi mezani. Alisoma madarasa ya watu wazima zamani, huandika polepole, herufi kubwa, ulimi ukiwa kati ya meno. Nilimwona akifikiri. Nilidhani anafikiria Ujerumani iko umbali gani, na watu elfu mbili kasoro arobaini wanaomhurumia huko.

"Kalamu," alisema.

Mbonimpa ndiye aliyekuwa nayo, mfukoni mwa koti. Mama akaikata ile mistari miwili, taratibu, kwa kuegemea, mpaka karatasi ikapata mfereji. Pembeni akaandika: SAKAFU IPO. KEMIREMBE. Akapuliza wino ukauke. Kisha akakifunga kitabu, akakisogeza upande, na bila kuinua kichwa akamnyooshea Melkiory mkono.

"Lete kingine."