Mita Mbili na Nusu

Nassib alipoanza kupima jengo la ushirika, watu walidhani linataka kubomolewa. Alikuwa na kidude kidogo cha kupimia kinachotoa doa jekundu, na kishikwambi kama vile vya sensa. Anasimama katikati ya korido, doa linatua ukutani, anaandika, anasogea mlango wa pili. Kufika saa nne mlinzi wa getini alishauliza kama kuna fidia.

Kabula hakuuliza kitu. Alikuwa mfagizi wa jengo lile mwaka wa tatu sasa, na tabia yake ilikuwa kulitazama jambo mpaka lijieleze lenyewe. Shule yake ilikuwa ya msingi tu, kule Mwamapalala, na kabla ya kuolewa Bariadi alichunga sana. Mtu aliyechunga hujua kutazama bila kuuliza, maana ng'ombe haulizwi.

Basi jambo likajieleza. Ofisi ya Maswa, iliyokuwa pale Binza, ilikuwa imefungwa na watu wake wote kuletwa Bariadi. Tangu hapo ilikuwa kugombania meza kama kunguru na dagaa. Wiki moja watu wa mbegu na watu wa mafunzo walikutana mlangoni pa ukumbi, kila kundi na wageni wake, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Ndipo meneja Rogasian akaagiza programu ya simu: mtu akiwa kwake aone meza ipi iko wazi na chumba kipi kimeshikwa. Ila programu haiwezi kulijua jengo mpaka ichorewe, na kuchora ndiyo ilikuwa kazi ya Nassib, kijana wa Tanga aliyetumwa kutoka Mwanza. Kila ukuta, kila mlango, kila meza, na jina la kila chumba.

Kuta alizimudu. Yaliyomshinda ni majina. Namba za milangoni zilikuwa zimebanduka siku nyingi, na ukimuuliza mtu chumba namba sita anakujibu, "Ahaa, kwa marehemu Kristofa." Kristofa amekufa mwaka wa saba huu na chumba bado ni chake. Kulikuwa na kwa mama wa pikipiki, ambaye aliuza pikipiki akahamia Lingeka, na kulikuwa na chumba kilichoitwa Ulaya kwa sababu kilikuwa na kiyoyozi, japo kiyoyozi chenyewe kilikufa kabla ya Kristofa. Meneja akaona afadhali ampe Nassib mtu wa kumtembeza, na mwenye funguo zote alikuwa mmoja tu.

"Kabula, nenda na huyu kijana mpaka amalize. Kusibaki hata kona."

Kabula akaitikia, lakini neno lile la kona lilimkaa kifuani.

Maana kona alikuwa nayo. Nyuma ya ngazi, pale walipoegemeza mabango ya zamani ya Nane Nane, kulikuwa na mlango ambao hakuna aliyeukumbuka. Yeye aliuona alipokuwa akitafuta mahali pa kufichia ndoo zisiibwe. Alijaribu funguo mpaka mmoja uliokuwa haufungui chochote ukafungua. Ndani palikuwa pakavu, pana nyumba za buibui na mawe mawili ya mizani ya zamani, na juu kabisa matundu ya hewa. Alipafagia, akapapiga deki mara tatu, akatandika mkeka. Kila siku saa nne na saa saba, mama yake, bibi Milembe, alipita geti la nyuma na mjukuu mgongoni, na Kabula alikaa mle akamnyonyesha mwanawe Luhende, miezi mitano, mtoto aliyekataa chupa kwa mikono yote miwili.

Muda wa kunyonyesha alikuwa nao. Walimpa bila matata. Mahali ndipo hapakuwepo. Alijaribu kivulini karibu na geti, bodaboda wakageuza shingo kama alizeti. Alijaribu chooni siku moja, akaapa mwanawe hatakula tena chooni. Mama yake alishamwambia wazi, mahali pakikosekana aache kazi arudi nyumbani, mtoto ni mtoto. Kabula alikuwa anaipenda kazi ile. Alipenda sakafu ikikauka, na alipenda mshahara wenye jina lake. Chumba kile ndicho kilichomwezesha kuwa navyo vyote viwili, mtoto na kazi, na hakuna aliyekijua zaidi yake na mama yake.

Basi alimtembeza Nassib kwa uaminifu kila mahali, isipokuwa pale. Walipofika kwenye ngazi alisema, "Hapa ni mabango," na hilo lilikuwa kweli.

Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Alimwonyesha Kabula mchoro ukikua kwenye kioo, na Kabula akamwambia mlango mkubwa umeukalisha vibaya. Nassib akacheka kidogo, akasema haiwezekani. Kabula akakichukua kishikwambi, akakigeuza mpaka mchoro ukalala kama jengo lilivyolala, jua la asubuhi likiingia pale linapoingia. Nassib akatazama nje, akatazama kioo. Alikuwa amesoma dira karibu na kabati la chuma, ikamdanganya. Tangu hapo akawa hafungi chumba kwenye ramani kabla ya kumuuliza, "Sawa hivyo, dada Kabula?"

Siku ya tatu hesabu zilikataa. Nje, ukuta wa upande wa ngazi ulikuwa mita ishirini na nne na nusu. Ndani, ukijumlisha masjala, ngazi, choo na stoo, na unene wa kuta zote, unapata ishirini na mbili. Nassib alipima tena. Akapima nje kwa kamba, akidhani kidude kimechoka. Akahesabu kuta kwa kuzigonga. Saa kumi ikamkuta ameketi kwenye ngazi, viatu kavivua, hajala, na kesho yake asubuhi ramani ilitakiwa ionyeshwe ukumbini.

Kabula alipita na ndoo, akapita tena. Alijua mita zile mbili na nusu ziko wapi. Zilikuwa hatua tano kutoka pale alipoketi yule kijana.

Nassib akapiga simu kwa bosi wake wa Mwanza. Maneno ya upande wa pili hayakusikika, ila jibu lake lilisikika: "Sawa, bosi. Nauweka." Kisha akamweleza Kabula, bila kuulizwa, kwamba ameambiwa aunenepeshe ukuta. Majengo ya zamani ni hivyo, huwezi kujua mafundi walijaza nini. Akagusa kioo mara mbili, na kando ya ngazi ukatokea mstari mnene, mweusi ti, mita mbili na nusu za tofali. Hesabu zikakubali.

Kabula akashusha pumzi. Alikwenda kukamua tambara la deki akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza chumba chake kilikuwa kimefichwa hata kwenye karatasi za serikali, kama mtu angetaka kusema hivyo. Aliporudi, Nassib alikuwa anajaribu sehemu nyingine ya programu. Kwenye mchoro vilitambaa vishale vya kijani, kutoka kila chumba hadi mlango wa nje.

Akauliza vile ni vya nini.

"Moto ukiwaka," Nassib akasema, "simu ya kila mtu inamwonyesha pa kutokea. Na wanaokuja kuokoa wanaona vyumba vyote, wanapita kimoja kimoja."

"Na ukutani?"

"Ukutani vipi?"

"Wanapita?"

"Dada Kabula, ndani ya ukuta wamtafute nani?"

Kabula akautazama ule mstari mweusi. Saa saba ile ile alikuwa humo, na Luhende alikuwa humo, anavuta ziwa na kushika shanga za mama yake. Kwenye ramani hapakuwa na mkeka wala mtoto. Palikuwa na tofali tupu, na mwanawe katikati ya tofali. Aliiweka ndoo chini. Hakuna mtu aliyemlazimisha, na kama angeenda zake jambo lingeishia pale.

"Kaka Nassib," akasema, "ule ukuta si mnene hivyo."

Akasogeza mabango, akafungua. Nassib aliingia kwa kuinama, akaona mkeka, kanga iliyokunjwa, na kibeseni cha plastiki. Aliona pia, bila shaka, kwa nini siku tatu nzima amezungushwa. Alisimama akipitisha vidole usoni. Akapima kimya kimya: mbili na nusu kwa tatu.

Kisha akamwambia jambo alilotaka alijue mapema kuliko kusikia kesho mbele za watu. Meneja alikuwa amemwagiza, pamoja na kuchora, amtafutie chumba kikavu, kisicho na dirisha, cha kuwekea seva, ile mashine ya kutunzia taarifa zote za ofisi. Akikiona hiki atakitaka. "Na mimi siwezi kumficha. Nikificha hiki, ramani yote ni uongo."

Kabula akasema hakumwomba afiche.

"Basi niandike nini? Hapa kuna nafasi ya jina."

Vyumba vingine vyote vilikuwa vya watu, na Kabula hakuona sababu chumba kile nacho kiitwe kwa Kabula. Akamwambia aandike kinachofanyika humo.

Usiku ule mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, mjukuu amelala mapajani. Akasema, "Mayu, mwanangu, umeuza ng'ombe kabla ya kuuliza bei." Kabula hakubisha. Ila alilala.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Kabula alikuwa anamimina chai, kazi yake kila penye kikao. Nassib aliwasha projekta, ramani ikatandaa ukutani, na watu wakaanza kunyoosha vidole kila mmoja akijitafuta, meza yangu ile, mbona mlango wangu mdogo. Mama Judica, mhasibu, aliona chumba cha marehemu Kristofa kimeandikwa jina la Kristofa na akaguna kwa kuridhika. Kisha mshale wa Nassib ukafika kwenye ngazi.

"Kunyonyeshea," meneja Rogasian akasoma kwa sauti. "Hapa ofisini nani ananyonya?"

Watu wakacheka. Mtu wa mbegu akasema wapo wengi, tena wenye ndevu, na kicheko kikaongezeka. Nassib akaeleza chumba kilivyopatikana, vipimo vyake, ukavu wake. Jina la Kabula hakulitaja. Meneja alikuwa ameshaacha kucheka na kuanza kupiga hesabu, ungeona machoni.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Andika seva hapo."

Kabula akaiweka chupa ya chai mezani. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeuliza kama aongeze sukari.

"Shikamoo, meneja. Anayenyonya ni mwanangu."

Rogasian akaitikia marahaba kwa mazoea, halafu akaonekana kusikia maneno yaliyofuata. Akasema, bila ukali, kwamba anaelewa, yeye naye ana watoto, ila mashine ile haiwezi kukaa kwenye vumbi wala jua, na jengo limejaa, hakuna chumba kilicho wazi.

"Kipo, meneja."

"Kipi? Ramani hiyo hapo, nionyeshe."

Alikwenda hadi ukutani, mwanga wa projekta ukamwangukia begani. Akaweka kidole kwenye chumba kikubwa kando ya ofisi ya meneja mwenyewe, kilichoandikwa Wageni wa Heshima.

"Vyumba vyote napiga deki mimi," akasema. "Najua kila kimoja kwa maji ya ndoo. Masjala natoa maji meusi. Kwa mama Judica natoa ya udongo, wanachama wanaingia na matope. Humu naingia kila asubuhi, mwaka wa tatu, na maji ninayotoa ni meupe kama niliyoingiza. Hamna mguu wa mtu. Makochi bado yana nailoni, mapazia hayajafunguliwa, na soketi za umeme ziko sita."

Hakuna aliyecheka sasa, ila mama Judica alikuwa amejishika mdomo.

Meneja akamtazama Nassib kama anayeomba msaada. Nassib akasema, taratibu, kwamba soketi ni sita kweli, alizihesabu, na umeme wa jengo unaingilia upande ule ule.

"Na wageni wakija kutoka Dodoma," Rogasian akauliza, "nikawakalishe wapi?"

"Kwako, meneja," mama Judica akasema. "Viti unavyo. Na maongezi unayo."

Hapo ndipo walipocheka wote, na meneja akajikuta naye anacheka, labda kwa sababu alikumbuka wageni wenyewe walikuja mara moja, wakakataa kukaa, wakaenda kuona ghala. Akajikuna shingo. Akamwambia Nassib aibadilishe ile ya wageni iwe seva. Nassib akabadilisha pale pale, mbele ya macho ya wote, na kile cha nyuma ya ngazi akakiacha kama kilivyo. Saa nne bibi Milembe alipoingia geti la nyuma, alikuta mabango ya Nane Nane yametolewa na mlango uko wazi, umepigwa kitasa kipya. Alisimama akauangalia kwa mashaka, kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza. "Wabeja," akasema mwishowe, ingawa hapakuwa na mtu wa kushukuriwa.

Miezi miwili imepita. Nassib amerudi Mwanza, na meza zikihama Kabula humtumia ujumbe wa sauti, naye anarekebisha ramani huko huko. Ugomvi wa ukumbi umepungua, haujaisha. Jambo ambalo Kabula hakulipigia hesabu ni kwamba chumba kikishakuwa kwenye ramani kinaonekana na kila mtu. Dada mmoja wa mafunzo alirudi kutoka uzazi akakiona kwenye simu. Siku za mikutano ya wanachama, wakulima wanawake wenye watoto mgongoni huelekezwa huko na mlinzi yule yule aliyeulizia fidia. Kuna siku Kabula anafika na mwanawe analia njaa, anasukuma mlango, umefungwa kwa ndani.

"Ulikuwa na chumba," mama yake akamwambia siku moja ya namna hiyo, wakiwa wamesimama koridoni. "Sasa una foleni."

Kabula akagonga. Mwanamke wa Meatu akafungua, ziwa moja liko nje, akawatazama, akavuta kanga yake na kusogea upande wa pili wa mkeka. Kabula akavua ndala, akaketi, akampokea Luhende kutoka kwa bibi yake.